Kathodi ya Milimita Nane

Wiki tatu zilizopita nilimkabidhi Neema funguo za maabara ya fizikia: wa mlango, wa kabati la vioo na wa stoo. Ule wa stoo umebakiwa na meno mawili, lazima uunyanyue kidogo ndipo uuzungushe. Hilo nilimwonyesha kwa mkono. Mengine aliniomba niyaandike, kwa sababu yeye na wenzake wawili wanaobaki watashika mashine ambazo hazina kitabu cha maelekezo. Kitabu kilikuwa kichwani mwangu, na kichwa chenyewe kinastaafu.

Basi naandika. Vyeo sitasimulia, sikupata vingi. Nitawasimulia mashine moja na mwanafunzi mmoja.

Nilizaliwa Busunzu na kusoma sekondari Kibondo mpaka kidato cha nne. Matokeo yangu yalinirudisha shambani. Nililima maharage misimu miwili, kisha nikasikia kwamba chuo cha ualimu huku Kasulu kinatafuta mtu wa kuosha vyombo vya maabara. Nilikuja nimevaa shati jeupe la mjomba. Aliyenipokea alikuwa Mwalimu Ntakije, mkufunzi wa fizikia, mtu mfupi aliyetembea na bisibisi kwenye mfuko wa shati, mahali wenzake walipoweka kalamu.

"Unaitwa nani?"

"Ruvugo, Mwalimu."

"Ruvugo, beba kioo hiki mpaka meza ile ya dirishani. Ukikivunja usirudi kunieleza, nenda moja kwa moja kwenu. Ukifika nacho salama, anza kazi."

Lilikuwa bomba la kioo lenye urefu wa mkono, kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole. Nililibeba kwa hatua ndogo ndogo, nimezuia pumzi. Nilipoliweka mezani alikuja akanionyesha ufa mrefu upande wa chini.

"Lilishapasuka tangu jana," alisema. "Nilitaka kuona unavyobeba."

Alikuwa akitania, na kesho yake alinionyesha sheria yake ya kweli: daftari la jalada jekundu lililoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila kilichovunjika kiliandikwa humo siku hiyo hiyo, na jina la aliyekivunja. Jina lake mwenyewe lilikuwa humo mara nyingi kuliko la mtu yeyote. Mimi, kwa bahati mbaya, niliushika zaidi ule utani wa siku ya kwanza.

Mashine ninayotaka kuisema ndiyo ile iliyo kwenye meza ya dirishani hadi leo. Mwalimu Ntakije alisomea ng'ambo, kwenye nchi ya baridi kali, na aliporudi alikuja na sanduku la mbao lenye pampu na vioo. Ukiinyonya hewa kutoka ndani ya bomba mpaka ikabaki kidogo sana, kisha ukapitisha umeme wa volti mia kadhaa kutoka kwenye kathodi upande huu hadi anodi upande ule, ile hewa kidogo iliyobaki inawaka. Haitoi moto. Inatoa mng'ao, wa waridi katikati ya bomba na wa buluu karibu na kathodi. Wanafunzi waliotoka vijijini, waliokulia kwenye vibatari, walikuwa wakisogea karibu wakiuona. Mimi pia nilisogea mara ya kwanza. Nimeuona maelfu ya mara na sikuuzoea kabisa.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi. Mwanafunzi alianza na kathodi bapa, mfano wa sarafu. Halafu aliweka kathodi yenye shimo, yaani silinda fupi ya nikeli iliyo wazi upande mmoja, mfano wa kikombe kidogo. Alishusha presha hatua kwa hatua, akasoma mkondo wa umeme kwenye mita, akachora grafu. Kwenye kathodi yenye shimo mkondo ulipanda taratibu, mstari mzuri usio na makorongo.

Mwaka wangu wa pili Mwalimu Ntakije aliniita nichungulie ndani ya kile kikombe wakati kinawaka.

"Unaona nini?"

"Mng'ao umeshika ukuta huku, na mwingine ukuta wa pili. Katikati pana giza."

"Vizuri. Upana wa shimo hili ni milimita ishirini, nimeuchagua makusudi. Ukiweka shimo jembamba, ile ming'ao miwili itakutana katikati, na ikikutana mkondo unaruka mara nne, mara tano, bila wewe kuongeza volti hata moja. Ni jambo zuri sana, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza litamvuruga. Kwa hiyo usibadilishe upana. Umenielewa?"

Nilimwelewa, na nataka wanaosoma hapa waliweke akilini. Niliambiwa waziwazi, kwa Kiswahili, mchana, na mtu aliyejua.

Sasa mambo ya pampu, maana Neema ataniuliza. Mafuta yake yabadilisheni kila muhula, na wakati wa masika kila mwezi, kwa sababu yanakunywa unyevu. Msiguse kathodi kwa vidole vitupu, jasho lako litawaka kabla ya hewa. La mwisho ni hili: pampu ikisimama ghafla wakati bomba liko tupu, mafuta yanapanda mpaka ndani ya kioo. Miaka mingi mji wetu uliendeshwa na jenereta za dizeli, na umeme ulikuwa ukikatika bila kuaga. Umeme ukikatika usikimbilie dirishani kuangalia kama ni kwetu tu au ni mji mzima. Kimbilia vali ya sindano, ingiza hewa. Mji utaangaliwa na wengine.

Mimi siku moja nilikimbilia dirishani.

Wakati huo Mwalimu Ntakije alikuwa amekwisha kustaafu na kuzikwa kwao Kasanda, na maabara ilikuwa mikononi mwangu. Umeme ulikatika asubuhi, nikatoka kwenda kubishana na mlinzi kuhusu nani alaumiwe, na niliporudi bomba lilikuwa limejaa mafuta meusi. Nilitoa kila kitu nikaanza kuosha. Kathodi yenye shimo niliiweka ukingoni mwa meza ikauke. Ilidondoka, nikarudi nyuma kuitafuta sakafuni, na kiatu changu kikaipata kabla ya macho yangu. Nikeli ile ilikuwa nyembamba. Nilijaribu kuinyoosha kwa koleo, ikachanika.

Daftari jekundu lilikuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Nilipaswa kuandika mstari mmoja. Hakuna ambaye angenifukuza, siku hizo kila mtu alikuwa akivunja kitu. Ila kile kikombe kilitengenezwa na Mwalimu Ntakije kwa mikono yake, na mimi nilikuwa nikijivunia mbele ya wakufunzi wapya kwamba tangu nikabidhiwe maabara hakijapotea hata kizibo. Niliona aibu, kwa hiyo sikuandika.

Nilikwenda mjini kwa Bwana Shabani, fundi wa friji, ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani na ambaye hakuwahi kukujibu neno moja pale yalipofaa kumi.

"Karibu, Mzee Ruvugo, karibu sana. Leo wataka kupoozwa au kupoza?"

"Nataka kipande cha bomba la shaba. Kifupi tu."

"Friji lile pale limeshatangulia mbele ya haki, bwana. Chukua mfupa uupendao, maiti haina wivu."

Nilikata kipande, nikakiziba upande mmoja kwa risasi ya kulehemu, nikakisugua kwa msasa. Shimo lake lilikuwa la milimita nane. Nilijua ni nane, nilipima. Nilijiambia nitaweka hiki kwa muda, mpaka nipate la ishirini. Mnajua "kwa muda" ya maabara yetu. Ile feni ya stoo iliyofungwa kwa waya nayo ni ya muda.

Mtashangaa ilipitaje miaka miwili bila mtu kugundua. Ilipita kwa sababu ya madesa. Kila mwaka wanafunzi waliwaachia wadogo zao karatasi za majibu ya praktiko, na wadogo waliyanakili, wakibadilisha namba ya mwisho hapa na pale isionekane ni karatasi moja. Walikuja mezani, wakawasha mashine, wakautazama mng'ao wa waridi, wakasema "noma sana", wakakaa chini kunakili. Kathodi ya milimita nane ikawa inatoa majibu ya kathodi ya ishirini, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, grafu nzuri zisizo na makorongo. Mimi niliona, na nilishukuru.

Kisha akaja Mapendo.

Alikuwa binti wa Kikongo wa miaka ishirini na miwili, kutoka kambi ya Nyarugusu, alikoingia akiwa amebebwa mgongoni na mama yake. Kanisa fulani lilimlipia masomo, na alikuwa na kibali cha kuishi nje ya kambi, kilichohuishwa kila muhula kwa barua ya chuo. Bila barua hakukuwa na kibali, na bila kibali angerudi kambini. Hilo kila mtu alilijua, hata wapishi. Alizungumza Kiswahili chetu darasani na Kiswahili cha kwao akisahau. Mimi aliniita papa, kama wanavyowaita watu wazima kwao.

Hakuwa na madesa. Sijui kama walimnyima au hakuomba. Alikuja maabara saa mbili asubuhi, akaomba kalipa, akaanza kupima kila kitu: urefu wa bomba, umbali wa elektrodi, unene wa kioo. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona mwanafunzi akipima unene wa kioo. Nilikuwa nikipanga chupa kabatini aliponiita.

"Papa, hii kathodi ni ile ile ya mu kitabu?"

Kitabu alichokisema ni mwongozo wa zoezi alioandika Mwalimu Ntakije. Sikugeuka.

"Ni ile ile," nilisema.

"Hakika?"

"Binti, mashine hii ilikuwepo kabla hujazaliwa. Ni ile ile."

"Bon," alisema, na nikasikia kalamu ikiandika.

Alifanya kazi mpaka adhuhuri. Alipofika presha ya chini, nilisikia amevuta pumzi. Aliniita, na safari hii nilikwenda. Ndani ya kile kipande cha bomba la friji giza la katikati lilikuwa limetoweka, na mahali pake palijaa mwanga mweupe wa buluu, mkali kiasi cha kuumiza jicho. Mkondo uliokuwa miliampea nne ulikuwa kumi na nane.

"Kuran ilipanda yenyewe, papa," alisema. Kuran ndiyo wanavyouita mkondo. "Mi sikugusa kitu. Volti ni zile zile. Angalia."

Alikuwa anatabasamu. Nilikuwa nikilitazama jambo lile ambalo Mwalimu Ntakije aliniambia ni zuri sana, na aliyeliona ni huyu, peke yake katika miaka miwili, kwa sababu ndiye pekee aliyepima.

"Labda pampu," nilisema. "Andika ulichokiona."

Aliandika alichokiona, na hicho ndicho kilichomponza.

Muhula ule chuo kilikuwa kimepata aibu ya wizi wa mitihani, na mkuu wa taaluma alikuwa amekula kiapo mbele ya wanafunzi wote kwamba atakayebainika tena ataondoka. Mkufunzi wa fizikia alikuwa Mwalimu Lusekelo, kijana mwenye cheti kizuri ambaye mashine ile hakuwahi kuiwasha mwenyewe. Alikuwa na grafu arobaini na moja zinazofanana na moja isiyofanana. Akahitimisha kwamba ile isiyofanana imepikwa, tena na mtu asiyejua hata kupika.

Kikao kilifanyika maabara kwangu: mkuu wa taaluma, Lusekelo na mkufunzi mwingine mmoja, pamoja na Mapendo na mimi. Mkuu wa taaluma alishika daftari la Mapendo akilipunga.

"Mzee Ruvugo, wewe ndiye unayeijua mashine hii kuliko sisi sote. Ina hitilafu?"

"Haina."

"Imebadilishwa chochote?"

Kwenye boksi la vifaa chini ya miguu yangu palikuwa na vipande vya nikeli vilivyochanika, nimevifunga kwa gazeti.

"Hapana," nilisema.

"Basi mrudie zoezi hapa hapa, tuone huo mkondo unaoruka."

Kama ningelirudia kwa uaminifu, mkondo ungeruka mbele yao wote, na Mapendo angeokoka. Lakini wangeuliza kwa nini, na Lusekelo angechukua kalipa. Niliwasha pampu. Presha ilipokaribia pale penyewe, niliweka mkono wangu wa kushoto kwenye vali ya sindano, nikaifungua robo mzunguko. Hewa kidogo iliingia. Hakuna aliyeona. Mita ilisoma nne, ikasoma tano, ikasimama.

Mapendo alisogea mbele akaangalia kipimo.

"Presha bado iko juu, papa. Mi nilishuka kupita hapa."

"Pampu imechoka," nilisema. "Hapa ndipo mwisho wake."

Aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayehesabu upya jambo alilodhani amelimaliza.

"Labda nilisoma mubaya," alisema polepole.

"Labda," nikamjibu.

"Unaona?" Lusekelo alimwambia mkuu wa taaluma. "Hata mwenyewe anakiri."

Walimsimamisha masomo siku hiyo hiyo, na bodi ikathibitisha baadaye. Barua ya kuhuisha kibali haikuandikwa. Nikikumbuka nilichojiambia jioni ile naona haya kukiandika, lakini nimesema nitaandika. Nilijiambia: huyu ni mkimbizi, kuhama amekuzoea, kwake si kitu kikubwa.

Kesho yake asubuhi alikuja kurudisha koti la maabara. Alikuwa amelifua na kulipiga pasi, na kifungo kilichokuwa kimekatika tangu mwaka juzi amekishona.

"Asante kwa kunionyesha mashine, papa," alisema. "Mpaka sasa sijui niliona nini."

Nilipokea koti. Ningeweza kumwambia wakati ule. Gari la kumpeleka lilikuwa bado halijafika, mkuu wa taaluma alikuwa ofisini kwake ng'ambo ya uwanja wa mpira, na miguu yangu ilikuwa mizima.

"Safari njema, mama," nilimwambia.

Wiki moja baadaye nilikwenda tena kwa Bwana Shabani, nikamuuliza kama ana bomba la milimita ishirini. Alinyoosha mkono chini ya meza akatoa kipande kirefu.

"Hili limelala hapa tangu sijaota mvi. Mbona hukuuliza ile siku ya kwanza, bwana?"

Nililifunga. Ndilo lililopo mashineni sasa, kwa hiyo Neema asiwe na wasiwasi, majibu ya leo na ya mwongozo yanalingana. Daftari la Mapendo nilipewa nilitunze kama ushahidi. Nililiweka rafu ya juu stoo, nyuma ya chupa za asidi, na sikulifungua.

Miaka ikaenda. Nilifundisha vijana kubadilisha mafuta ya pampu, nikafunga taa, nikazibua masinki. Watu waliniita mwadilifu. Kulikuwa na sherehe moja nikapewa saa ya ukutani kwa uaminifu kazini. Inakwenda mbele dakika nane kila wiki, na sijaipeleka kwa fundi.

Mwaka ambao watu wa Mtendeli walikuwa wakihamishwa na kambi yao kufungwa, magari yalipita barabara kuu siku baada ya siku, magodoro na kuku juu. Nilisimama kando ya barabara nikiangalia nyuso, kama vile Mapendo angekuwa humo, ingawa nilijua wale ni Warundi na yeye ni wa Nyarugusu. Mwezi ule niliomba kibali nikaenda Nyarugusu na watu wa kanisa waliokuwa wakipeleka nguo.

Mama yake nilimkuta akiuza sabuni za vipande kwenye turubai, mbele ya nyumba ya udongo. Nilijitambulisha kuwa mtu wa maabara. Alisimama akafuta kiti kwa kanga.

"Ni weye papa wa maabara? Alikuwa anakusema sana. Kaa."

Nilikaa, nikamuuliza Mapendo yuko wapi.

Alirudi kuuza sabuni, akamhudumia mteja mmoja, kisha akanijibu bila kuniangalia. Baada ya chuo Mapendo alikaa kambini miaka miwili akitengeneza taa za sola za watu. Halafu akasema hapa hakuna maisha, akavuka ziwa kurudi kwao Kongo, upande wa Fizi, kutafuta kazi. Alituma salamu mara mbili. Mara ya tatu alikuja mtu akiwa na begi lake. Kijiji alichokuwamo kilishambuliwa, mtu huyo alisema, na waliokimbilia porini si wote waliotoka.

"Begi nilipokea," alisema. "Yeye sikumupokea."

Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu yote nimeyapanga. Nilianza kuyasema: kwamba mwanawe hakukosea, kwamba kathodi, kwamba mimi. Sikujua kumweleza kathodi mama anayeuza sabuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, sijui alielewa kiasi gani, kisha akasema kwa upole, ule upole wa kumfariji mgeni:

"Hapana, papa, usijilaumu. Mwenyewe alinielezea. Alisema mashine yenu ilikuwa ya kweli, ni yeye hakujua kusoma."

Nilirudi Kasulu nikamwandikia barua mkuu wa chuo, ambaye alikuwa mpya. Niliandika yote, pamoja na robo mzunguko. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwamba suala hilo ni la zamani, mhusika hayupo, na mimi nimebakiza muda mfupi kustaafu, hivyo si vema kuchafua mwisho mzuri. Barua aliiweka kwenye droo. Nilishukuru kwa mdomo. Kumbe sikuwa nimemwandikia ili anisamehe. Nilitaka jina la Mapendo lisomwe mbele ya wanafunzi na isemwe kwamba alipima sawa. Kwa kuwa halikusomwa, nalisema hapa, na Neema amekubali kuibandika karatasi hii ndani ya mlango wa kabati la vioo.

Basi tukafika siku ya makabidhiano. Neema alikuwa na orodha, mimi natoa vitu, yeye anaweka alama. Chupa za asidi tulizishusha zote. Nyuma yake likaonekana daftari lenye vumbi.

"Mzee, na hili liingie kwenye orodha?"

"Lilete."

"La nani?"

"La mwanafunzi aliyewahi kuitumia mashine ya dirishani."

"Wote wameitumia."

"Hapana," nilimwambia. "Alikuwa mmoja."

Alidhani natania. Nililifuta kwa kiganja, nikalifungua nikiwa nimesimama. Ule ukurasa wa majibu, ambao kikao kilikuwa kikiupunga hewani, niliukumbuka. Ukurasa wa kabla yake hakuna aliyeusoma, si Lusekelo, si mkuu wa taaluma, wala mimi. Hapo Mapendo aliandika vipimo vyake vya asubuhi. Urefu wa bomba. Unene wa kioo, sehemu tatu tofauti. Chini kabisa aliandika: kathodi, kipenyo cha ndani. Alikipima mara tatu na akaandika mara tatu, milimita nane, nane, nane. Pembeni aliweka alama ya kuuliza, na maneno haya: Mwongozo unasema 20. Kumuuliza papa.

Halafu alivikata vipimo vyote vitatu kwa rula, kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika kwa wino ule ule: 20. Papa amesema ni ile ile.

Neema aliuliza tena kama aandike. Nilimwambia aandike: daftari moja, la Mapendo, vipimo vyote ni sahihi isipokuwa kimoja, na hicho ni cha Ruvugo.

Aliniangalia, akaona sitanii, akaandika. Kisha nilikwenda nyuma ya mlango, nikalitoa daftari jekundu kwenye msumari, nikatafuta siku ile ya kiatu na nikeli, na palipokuwa na nafasi pembeni nikaandika jina langu.